Farasi akitoka mbio na mpandaji: kwa nini kumvuta kwa nguvu hakumsimamishi

Msomaji mmoja anayejifunza kupanda farasi katika shamba lililo karibu na Naivasha ameniandikia kuhusu jambo lililompata hivi karibuni. Walikuwa wapandaji watatu wakirudi bandani jioni, naye akiwa wa nyuma kabisa, upepo ulipoipiga nailoni iliyochanika ya banda moja la maua kando ya njia. Farasi wake akaruka, akawapita wenzake na kwenda shoti, yaani mbio za kasi yote, akakunja kona bila kuteleza, na hakusimama mpaka alipofika langoni, ambako alisimama mwenyewe. Msomaji anasema alivuta hatamu kwa mikono yote miwili hadi viganja vikachubuka, na kadiri alivyovuta ndivyo farasi alivyozidi kukimbia. Hakuanguka. Tangu siku hiyo amepewa ushauri wa namna tatu: mmoja amemwambia amvute farasi kichwa upande mmoja mpaka pua iguse goti, wa pili amemwambia aruke mapema kabla mwendo haujakolea, na wa tatu amemwambia anunue lijamu, yaani chuma cha mdomoni, kali zaidi. Anauliza afuate upi.

Jibu langu ni kwamba usifuate hata mmoja kama ulivyoelezwa. Wa kwanza una ukweli ndani yake, lakini kwa farasi aliye katika shoti unaweza kuwaangusha nyote wawili. Wa pili unafaa mara chache sana, nitazitaja. Wa tatu ndio ninaoupinga kabisa, kwa sababu kilichokushinda siku ile si ulaini wa lijamu. Ni namna ulivyovuta na namna ulivyokaa. Mikono ya binadamu haina nguvu za kumzuia mnyama wa kilo 400 hadi 550 anayekwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa, hata ukimtia chuma cha namna gani mdomoni. Anayefanikiwa kumtuliza hafanikiwi kwa misuli.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Lipo la farasi kushtuka tu: anaruka kando, anakwenda hatua tatu nne kwa kasi, kisha anageuka kukitazama kilichomtisha. Lipo la farasi kumshinda mpandaji, yaani anajua vizuri anakokwenda, mara nyingi bandani au kwa wenzake, na ameshagundua kwamba aliye mgongoni hana njia ya kumzuia. Na lipo la farasi kupagawa kwa hofu hata asione wala asisikie. Huyo huweza kuparamia ukuta, gari au seng'enge bila kupunguza mwendo, na kwa bahati nzuri ni nadra. Kwa maelezo yako, mambo yalianza kama mshtuko yakaishia kuwa la pili. Farasi aliyepagawa hakunji kona kwa ustadi wala hachagui kusimama langoni kwake. Hii ni habari njema, maana farasi wako alikuwa bado anaweza kukusikia. Tatizo ni kwamba ulichokuwa ukimwambia hakikueleweka.

Usimwone mkorofi kwa sababu ya nailoni. Farasi ni mnyama anayewindwa, na kinga yake kuu ni miguu. Macho yake yamekaa pande mbili za kichwa na yanaona karibu digrii 350 kumzunguka, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso na ile iliyo nyuma ya mkia. Kinachochezacheza pembeni hukiona mapema kuliko wewe, na hukimbia kwanza kabla ya kuchunguza. Mafunzo hupunguza tabia hiyo lakini hayaifuti. Tarehe 24 Aprili 2024, katikati ya London, farasi wa kikosi cha askari wa mfalme walikuwa kwenye mazoezi ya kawaida ya asubuhi, wakiwa wamezoea magari, bendi na makundi ya watu, wakati shehena ya vifusi ilipodondoshwa kutoka juu kwenye eneo la ujenzi lililokuwa karibu nao. Waliwaangusha askari kadhaa wakatoroka, wakagonga magari, na wawili kati yao walikamatwa Limehouse, upande wa mashariki wa jiji, baada ya kukimbia kilomita kadhaa. Hao walikuwa farasi waliofunzwa kwa miaka, wakiwa na wapandaji ambao kazi yao ni hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba farasi fulani hawezi kamwe kutoka mbio, mshukuru aliyekuambia, kisha vaa kofia yako.

Sasa tuje kwenye hatamu. Lijamu hukaa juu ya ufizi mtupu, kwenye pengo lisilo na meno lililo kati ya meno ya mbele na magego. Ukiligusa na kuliachia, farasi analisikia vizuri. Ukilivuta bila kuliachia, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Ufizi huuma kwanza, halafu huanza kufa ganzi, na farasi anayeumia hukimbia maumivu kama anavyokimbia kitu kingine chochote. Vilevile anapata mahali pa kuegemea: anakaza shingo na taya, anausukuma uzito wa kichwa kwenye mikono yako, na hapo mnaanza mchezo wa kuvutana kamba na mwenzako ana miguu minne.

Mwili wako nao ulikuwa ukisema jambo jingine. Mtu anayevuta kwa nguvu zote akiwa na hofu hubana magoti, huinamisha kifua mbele, makalio yakaacha tandiko, na visigino vikapanda mpaka ubavuni mwa farasi. Kila moja katika hayo, kwa farasi aliyefunzwa, ni amri ya kuongeza mwendo. Mikono inasema simama, miguu inasema nenda, na mnyama mwenye hofu husikiliza kile kinachokubaliana na hofu yake. Ndiyo maana uliona kwamba kadiri ulivyovuta ndivyo alivyozidi.

Kinachofaa, kwa mpangilio, ni hiki. Kaa kwanza. Vuta pumzi na uitoe kwa sauti, hata kwa kusema jina lake au neno analolijua la kusimama, maana mtu aliyebana pumzi hukakamaa mwili mzima. Shusha visigino, rudisha mabega nyuma ya nyonga, na uzito wako uingie ndani ya tandiko. Tazama mbele, mahali unapotaka kwenda, wala usitazame ardhi. Kisha fupisha hatamu, kwa sababu hatamu ndefu hazina kazi hata ukizivuta hadi tumboni. Mkono wa kushoto ushike hatamu pamoja na fungu la singa, yaani nywele za shingoni, na ngumi uikandamize imara kwenye shingo, pale shingo inapokutana na mabega. Mkono wa kulia uvute hatamu yake juu na nyuma, kuelekea bega lako mwenyewe, kwa muda wa hatua moja ya farasi, halafu uilegeze katika hatua inayofuata. Vuta, legeza, vuta, legeza, ukifuata mdundo wa kwato zake. Ule mkono uliokita shingoni unazuia kichwa kisigeuke ghafla na unakupa wewe mwenyewe mhimili, na kule kulegeza ndiko kunakomnyima farasi mahali pa kuegemea. Utaona mwendo unakatika kidogo kidogo. Mara nyingi hausimami kwa mara moja, na hiyo si dalili ya kushindwa.

Ikiwa mpo uwanjani penye nafasi, usihangaike na kumsimamisha; mgeuze. Anza na duara pana sana, kama upana wa uwanja wa mpira, kwa kufungua mkono mmoja upande unaotaka kwenda huku mwingine ukiendelea kugusa. Farasi anayepinda hana budi kupunguza kasi ili asipoteze mizani, na duara linapopungua pole pole mwendo nao hupungua. Hapa ndipo ulipo ukweli wa ushauri wa pua na goti. Kukunja shingo ya farasi mpaka pua ifike karibu na goti la mpandaji ni zoezi zuri ambalo mwalimu wako anapaswa kukufundisha mkiwa mmesimama, kisha kwa mwendo wa kutembea, kwa sababu linamzoesha farasi kutii hatamu moja. Linafaa pia katika zile sekunde mbili za mwanzo, kabla hajashika mbio. Akishakwenda shoti, kumkunja ghafla namna hiyo ni kumwondolea mizani. Miguu hupishana vibaya na anaweza kuanguka ubavu, wewe ukiwa chini yake. Wapo pia farasi wanaokunja shingo kama walivyotakiwa na bado wakaendelea kukimbia kwa bega, bila kuona wanakokwenda, na hilo ni baya kuliko lile la mwanzo.

Kwenye njia nyembamba kama yako, yenye ua wa seng'enge upande mmoja na mabanda upande mwingine, duara halipo. Hapo unabaki na kuvuta na kulegeza, na unatumia ardhi: kilima kikiwepo mwelekeze kupanda, udongo mzito uliolimwa ukiwepo mwingize humo, vyote hupunguza kasi bila ugomvi. Usimwelekeze kwenye ua au ukuta ukidhani atasimama. Anaweza kuuruka, na anaweza pia kukata kona dakika ya mwisho ukabaki wewe unaendelea mbele peke yako.

Wenzako nao wana wajibu, na hili husahaulika. Farasi mmoja akitoka mbio, waliobaki wasimame palepale na wageuze farasi wao kuelekea alikotoka. Kumkimbiza kwa nia ya kumsaidia ni kumhakikishia kwamba kweli kuna cha kukimbia, kwa kuwa kundi zima linakimbia. Nashuku kwamba wenzako, kwa wema wao, walikufuata.

Kuhusu kuruka, kwa kawaida mtu yuko salama zaidi juu ya farasi anayekimbia kuliko hewani akishuka kwa mwendo ule. Farasi huchoka, hupunguza, na wako alikuwa na langoni pa kusimama. Nitakubali kuruka ikiwa mbele kuna kitu kibaya kuliko ardhi: barabara ya lami yenye magari, genge, au seng'enge ambayo farasi haioni. Barabara inayozunguka Ziwa Naivasha upande wa kusini ina malori ya maua na matatu, na farasi anayeelekea huko simwamini. Ikibidi, toa miguu yote miwili kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, kwanza, na hilo silifanyii mzaha. Inama shingoni, achia hatamu, jisukume mbali na farasi, na ukifika chini jikunje na ubingirike badala ya kujikinga kwa mkono ulionyooka, maana mkono huo ndio huvunjika. Namna ya kushuka kwa dharura hujifunzwa mapema, farasi akiwa amesimama, kisha akitembea. Haiwezi kubuniwa siku ya ajali.

Nimesema sifanyii mzaha vikuku kwa sababu kuanguka si jambo baya kuliko yote yanayoweza kukupata. Baya zaidi ni kuanguka mguu ukiwa umenasa na farasi akaendelea na safari. Kinga yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Vaa buti zenye kisigino kidogo na soli isiyo na meno makubwa. Raba za kukimbilia hupenya kwenye kikuku hadi kifundoni. Kikuku kiwe kipana kuliko buti kwa sentimita mbili hivi, kwa maana kikibana kinanasa na kikiwa kipana mno mguu mzima unapita. Kanyaga kwa sehemu pana ya wayo, si katikati ya unyayo. Vipo vikuku vya usalama vyenye upande unaofunguka vikivutwa, na kwa mwanafunzi ningevinunua kabla ya kununua lijamu la aina yoyote. Usizungushe hatamu mkononi wala usijifunge nayo, hata kama unaogopa itakuponyoka. Badala yake mwombe saisi, yaani mtunza farasi, amfunge farasi mkanda wa ngozi shingoni, kwa kiasi cha kupitisha ngumi. Ukitikiswa, shika huo. Watu wengi huninginia kwenye hatamu kwa sababu tu hawana kingine cha kushika, na mdomo wa farasi ndio unaolipa.

Kofia hainunuliwi kwa macho. Iwe ya kupandia farasi, yenye alama ya viwango kama PAS 015 au ASTM F1163, ikae bila kucheza, na kamba yake ifungwe kila mara, hata unapozunguka banda kwa dakika tano. Kofia ya baiskeli au ya bodaboda imepimwa kwa ajali za aina nyingine. Ikipata pigo katika anguko, ibadilishe hata kama haina ufa unaoonekana. Mwaka 2010 mpandaji wa Marekani Courtney King-Dye, aliyekuwa ameshiriki Olimpiki, alikuwa mazoezini bila kofia ngumu farasi wake alipojikwaa na kuanguka. Alipasuka fuvu na kukaa wiki kadhaa bila fahamu. Farasi hakutoka mbio wala hakuwa mkorofi, alijikwaa tu. Michezo ya farasi ilianza kubadilika baada ya hapo, na tangu mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, linalazimisha kofia ngumu hata katika dresaji, mchezo wa kumwonyesha farasi akitii kwa hatua za ustadi, ambao wapandaji wake walikuwa wamezoea kofia ndefu za heshima. Usidhani tena kwamba kofia inakinga kila kitu. Mwigizaji Christopher Reeve alikuwa ameivaa yake tarehe 27 Mei 1995 huko Virginia, farasi wake alipogoma kuruka kizuizi. Aliangukia kichwa, akavunjika shingo na kupooza. Kofia hulinda fuvu na ubongo. Shingo haina kofia.

Turudi kwenye lijamu kali unaloshauriwa kununua. Farasi aliyezoea kutembea vizuri akianza kutoka mbio, jambo la kwanza ninalouliza ni wapi anaumwa. Meno ya farasi huendelea kuchomoza na kusagika maisha yake yote, na magego hupata ncha kali zinazochana mashavu na ulimi. Daktari wa mifugo anayejua kazi hiyo huzikata kwa tupa, na ni vizuri aangalie angalau mara moja kwa mwaka. Angalia mgongo: pitisha vidole kwa kukandamiza pande zote mbili za uti, kuanzia mabegani hadi kiunoni, na ukiona anazama au anakunja masikio kila ukifika mahali palepale, tandiko linamchoma. Farasi aliyekonda au aliyenenepa tangu tandiko lilipochaguliwa si yule tena. Uliza anakula nini. Shamba linalompa nafaka kwa wingi, likamfungia bandani siku nne, kisha likamtoa na mwanafunzi siku ya tano, limetengeneza mbio hizo lenyewe. Kwa haya yote mtu wa kuuliza ni saisi, kabla hujamuuliza mwenye shamba. Yeye ndiye anayemfunga tandiko kila asubuhi na anajua ni lini farasi alianza kuuma hewa mkanda wa tumboni unapokazwa. Na huo mkanda ukazwe tena baada ya dakika chache za kutembea, kwa kuwa farasi wengi hujaza tumbo upepo unapofungwa, kisha wanaupunguza na tandiko linabaki limelegea.

Jambo la pili ni tabia ya kurudi nyumbani. Ikiwa wapandaji wa shamba lenu wana desturi ya kukimbiza farasi sehemu ya mwisho ya njia, basi mmemfundisha kwamba pale ndipo pa kwenda shoti, na nailoni ilikuwa kisingizio tu. Anzeni kurudi kwa kutembea, kila siku, kuanzia mbali. Akianza kuchapuka hatua, mgeuze, tembea kidogo kuelekea mlikotoka, kisha rudi. Siku nyingine fika langoni, pita, na uendelee na matembezi. Siku nyingine fanya mazoezi mepesi mkishafika uani, ili kufika kusiwe na maana ya tandiko kuvuliwa na chakula kumiminwa. Hilo banda la nailoni nalo mpelekeni siku isiyo na upepo, mtu akiwa amemshika kutoka chini, pamoja na farasi mzee asiyejali. Mruhusuni asimame mbali anapotaka kusimama, atazame, na asogee akishashusha kichwa. Kumchapa ili apite ni kumthibitishia kwamba mahali pale ni pabaya.

Utakaporudi tandikoni jifunze kuzisoma zile sekunde mbili. Kichwa hupanda, shingo hukakamaa mbele yako, masikio yote mawili huelekea kitu kimoja na hayarudi kwako, na chini ya makalio yako utahisi mgongo umekuwa mgumu na hatua zimekuwa fupi. Hapo bado anatembea. Hapo ndipo unapomgeuza kidogo, ukamwambia neno, ukamgusa kwa mguu mmoja apinde, na mambo yakaisha bila mtu mwingine kujua kulikuwa na jambo. Mwombe mwalimu akurudishe kwanza kwenye uwanja uliozungushiwa ua, juu ya farasi mwingine, mfanye kuvuta na kulegeza katika kila mwendo mpaka mikono iifanye bila kuamriwa.

Na kama siku nyingine utaanguka, usikubali ile kauli ya kwamba lazima upande tena palepale ili hofu isikomae. Ikiwa kichwa kiligonga chini, ikiwa unasikia kichefuchefu, unaona ukungu, au unarudia swali ambalo limeshajibiwa, safari yako ya siku hiyo ni ya hospitali, na atakayekupeleka asiwe wewe mwenyewe kwenye usukani. Fedha ya lijamu jipya iweke. Mwite daktari amtazame meno farasi huyo kwanza, mkiwa na saisi, na umwambie ni upande upi alikuwa akiuegemea ulipokuwa ukimvuta.